Ndege Iliyoangukia Ukweni

"Leo tunaomba kitu kimoja," Kilonzo alisema. "Tunaomba msichana. Hatuombi maji, hatuombi chumvi, hatuombi hata kuonyeshwa choo. Mtu akibanwa, abanwe kimya mpaka mwenye boma ajitolee mwenyewe. Tumeelewana?"

Walikuwa wamesimama kando ya pikapu pale Kambu, jua halijatoka vizuri, malori ya Mombasa yakipita na kuwapulizia vumbi kwenye nguo zao za Jumapili. Kilonzo, kaka mkubwa wa Ndolo, ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya ndoa. Alikuwa amepeleka mbuzi wa ntheo katika maboma kumi na matatu na hakuna hata boma moja lililomrudisha. Ntheo, kwa asiyejua, ni wale mbuzi watatu wanaofunga uchumba kwa Wakamba. Wakipokelewa, mmoja akachinjwa na pande zote mbili zikamla, msichana ni wenu. Wakikataliwa mnarudi nao nyumbani mchana kweupe, na kila kituo mnachopita watu wanawaona wale mbuzi na wanaelewa.

Alipomaliza kuwaonya wote, Kilonzo alimgeukia Ndolo peke yake.

"Na ndege pia hatuzitaji."

"Nani amezitaja?" Ndolo aliuliza.

"Bado. Ndiyo maana nasema mapema."

Kalekye, mke wa Ndolo, alikuwa anapanga vikapu nyuma ya pikapu. Alicheka bila kugeuka. "Shemeji, wewe umemwambia mara moja tu. Mimi nimemwambia tangu tuoane, na bado nalala juu ya ndege."

Hakuwa anatia chumvi. Ndolo alikuwa fundi wa laini za simu, amestaafu, ana miaka sitini na minane, na chini ya kitanda chake kulikuwa na masanduku manne ya karatasi za ndege za kivita. Si ndege za leo. Ndege za vita vile vikuu vya pili, zile zilizoruka juu ya nchi hii wakati Waingereza walipopigana na Waitaliano kule kaskazini. Hajawahi kupanda ndege hata siku moja, lakini muulize injini ilikuwa na silinda ngapi, atakujibu, na atakujibu tena kesho hata kama hujauliza. Kanisani mchungaji aliwahi kuhubiri vita vya kiroho akaonyesha picha ya ndege ukutani, akasema hizi ndizo zilizopigana Afrika mwaka wa arobaini. Ndolo akainua mkono katikati ya mahubiri kusema kwamba hiyo ya pichani ilikuwa haijatengenezwa. Kalekye alitaka ardhi immeze.

Katika orodha yake Ndolo alikuwa na ndege arobaini na moja zilizoanguka au kupotea nchini. Arobaini alijua zilipoanguka. Ya arobaini na moja ilikuwa Hartbees, ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyopewa jina la mnyama kongoni. Iliondoka asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka wa arobaini na moja ikiwa na vijana wawili wa Afrika Kusini, na haikurudi. Namba yake ilikuwa na tarakimu tatu, ya kwanza nane, na Ndolo aliijua kuliko namba ya simu yake. Kwa miaka thelathini Ndolo alikuwa akiandika barua ng'ambo kuuliza habari zake. Majibu yalikuja, ya adabu kabisa, kwenye bahasha nzuri, yakisema hawajui.

Lakini leo ilikuwa siku ya Mutiso. Mutiso, mwana wao wa pekee, alikuwa mwalimu kule Mwingi, ana miaka thelathini na sita, mpole hadi watu wakafikiri ni mgonjwa, na Wayua alikuwa msichana wa kwanza kumtaja kwa wazazi wake. Baba yake Wayua, Mwangangi, mfugaji wa Tseikuru, hakuwapenda sana watu wa Kambu. Aliwaita watu wa barabarani. Kwenye simu alikuwa amesema maneno machache tu: njooni siku moja, na mkiniangusha siku hiyo msirudi.

"Baba," Mutiso alisema wakati wanapanda pikapu, sauti yake ikiwa chini, "mimi sina msichana mwingine. Huyu ndiye."

"Najua, mwanangu," Ndolo alimwambia. "Leo mimi ni bubu."

Na alikuwa anamaanisha.

Walipita Kibwezi, wakashika ile lami ya Kitui, na Mutomo wakasimama kuchukua mbuzi waliokuwa wameagizwa. Kufika Mwingi Ndolo hakuwa amesema neno lolote lenye mabawa, mpaka Kalekye akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Tseikuru walifika saa saba. Mwangangi aliwapokea langoni akiwa amesimama, mikono nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na kofia yake hakuivua hata wakati wa maombi. Baada ya maombi aliwaendea mbuzi. Wa kwanza alimfungua mdomo akamtazama meno. Wa pili alimpapasa mbavu. Wa tatu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Kilonzo, "Huyu naye mlimpa lifti njiani?"

Wanaume wa Tseikuru walicheka. Kilonzo pia alicheka, kwa sababu msemaji hana ruhusa ya kununa. Mutiso alitazama viatu vyake. Kalekye alipelekwa jikoni kwa akina mama, Mutiso akaambiwa akae na vijana wenzake kwenye pikapu, na wasemaji wa pande mbili wakaingia ndani kuzungumza. Baba wa kijana haingii mpaka aitwe. Ndolo aliletewa kiti cha plastiki, akawekwa nje ya lango pamoja na mbuzi.

Akakaa. Jua likasogea, naye akasogeza kiti. Kutoka ndani alisikia sauti ya Kilonzo ikipanda na kushuka vizuri, halafu kicheko, halafu ukimya wa watu wanaokunywa chai. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ndolo alifurahi moyoni, akainua macho kumshukuru Mungu, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Juu ya mgunga, hatua thelathini hivi kutoka langoni, ulining'inia mzinga wa nyuki, gogo la zamani lililotobolewa, limepauka kwa jua. Mizinga ya gogo Ndolo ameiona maisha yake yote. Lakini kifuniko cha huu hakikuwa cha mbao. Kilikuwa cha bati jeupe lisilo na kutu, na pembeni mwake palikuwa na mstari wa matundu madogo, yaliyolingana, kila moja na chuma chake cha mviringo kulizunguka.

Ndolo alisimama. Akasogea. Akavaa miwani.

Hakuna fundi wa sufuria anayetoboa matundu namna ile. Vile vilikuwa vifungo vya bamba la kufunikia injini ya ndege, na aliwahi kuvichora kwa mkono kutoka kwenye kitabu, mara nyingi, mpaka angeweza kuvichora gizani. Alijua pia jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: mabamba ya injini za ndege hizo yalikunjwa kwa mkono, kila moja likae kwenye ndege yake na si nyingine, kwa hiyo mafundi waliandika namba ya ndege upande wa ndani ili yasichanganyike. Upande wa ndani ndio uliokuwa umeziba mzinga.

Sasa, mtu mwingine angeingia tu akauliza. Jamani, hicho kifuniko mlikitoa wapi? Yangekwisha. Lakini Ndolo alikuwa muthoni, mkwe, tena mkwe ambaye hajakubaliwa, na kaka yake alikuwa amesema leo kinaombwa kitu kimoja tu. Kuomba kuonyeshwa kifuniko ni kuomba. Akawaza vizuri kabisa, kwa akili za mtu mwenye adabu, akaona njia ya heshima ni moja: apande kimya, atazame namba, arudishe kifuniko, ashuke, asimsumbue mtu. Hakuona nyuki wanaoingia wala kutoka. Mzinga ulionekana mkavu.

Kugusa mzinga wa mtu Ukambani ni kosa ambalo hata mlevi halifanyi. Ng'ombe wako akila mahindi yangu tutazungumza. Ukigusa mzinga wangu tutaitana mbele ya wazee. Ndolo alijua haya kama anavyojua jina lake, na bado alivua koti, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya kiti.

Miaka thelathini na mitatu ya kupanda nguzo haimtoki mtu. Alikwea ule mgunga miiba na yote, suruali ya suti ikachanika gotini, wala hakusikia. Akaufikia mzinga, akaung'oa ule ukingo wa mbao ulioshikilia kifuniko, akavuta. Kikatoka. Upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa gundi ya nyuki. Alikwangua kwa ukucha, na chini ya ule weusi ikatokea rangi nyeupe, na ile rangi nyeupe ilikuwa nane.

"Nane," Ndolo alisema kwa sauti, peke yake juu ya mti. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo tangu Mutiso azaliwe.

Kumbe mzinga haukuwa mkavu.

Watu walitoka ndani kwa sababu ya makelele ya mbuzi, ambao walikuwa wamekata kamba na kukimbilia boma la jirani. Walimkuta Ndolo chini ya mgunga, hana viatu, suruali imechanika, shati limetoka nje, anapiga hewa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kifuniko cha mzinga wa watu.

Waliingia naye uani. Jicho la kushoto la Ndolo lilikuwa limeshafunga. Mdomo wa juu ulikuwa unavimba huku wanautazama.

Mwangangi alisema polepole. "Huo ni mzinga wa baba yangu. Tangu tumzike hakuna mtu ameugusa. Mimi mwenyewe sijaugusa." Akamgeukia Kilonzo. "Nilidhani mmeleta mbuzi. Kumbe mlileta mbuzi ili tuangalie mbuzi, mwenzenu akiangalia asali."

Kilonzo, ambaye katika maboma kumi na matatu hajawahi kukosa neno, alikosa neno. Mutiso alikuwa amekuja mbio kutoka kwenye pikapu. Alimtazama baba yake, akautazama uso wa Mwangangi, akakaa chini kwenye udongo na suti yake mpya.

"Mnuseni mikono," mzee mmoja wa Tseikuru alisema.

Wakamnusa. Wazee watatu, mmoja baada ya mwingine, waliinama wakanusa vidole vya mkwe wao, kama mtu anavyonusa maziwa kujua yamelala. Ndolo alinyoosha mikono akatazama mbali. Katika maisha yake hakuwahi kuona aibu kama ile, na mkewe alikuwa anaona, na mwanawe alikuwa anaona.

"Hana asali," mzee wa tatu alisema. Alionekana amesikitika.

"Hana kwa sababu haikuwepo," Mwangangi alijibu. "Mzinga huo hauna nyuki. Walihama baba alipokufa."

"Sasa huo uso umefanywa na nini?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma. Alikuwa Mbinya, mama yake Mwangangi, ambaye kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya. Ana miaka tisini na mitatu, mdogo, amejipinda juu ya fimbo yake. Alisogea mpaka kwa Ndolo akamtazama ule uso kwa karibu, kwa furaha isiyojificha.

"Mwangangi," alisema, "njoo uone. Wamerudi. Nyuki wa baba yako wamerudi, na wana nguvu."

Mama mmoja jikoni alishindwa kujizuia akacheka. Mwangangi hakucheka. "Mama, wamerudi au hawakurudi, mtu huyu amefungua mzinga. Kosa ni kosa. Mbuzi wao wakishikwa, waende nao."

Kalekye alisikia hayo maneno, akaacha mwiko, akatoka jikoni. Alikuwa na hasira na mumewe ya kumtosha mwaka mzima, lakini hiyo ilikuwa hasira ya nyumbani kwao na si ya watu wengine.

"Baba Mutiso," alisema, "waambie ulichokuwa unatafuta."

"Nimekatazwa kuzitaja," Ndolo alijibu kwa mdomo uliovimba.

"Zitaje."

Basi Ndolo akazitaja. Alisimama pekupeku katikati ya ule ua akawaeleza habari ya Hartbees, ya vijana wawili, ya bamba la injini na namba inayoandikwa ndani, na kwa nini hakuuliza. Alieleza vibaya, kwa sababu ya mdomo, na alipofika kwenye silinda Kilonzo alifunika uso. Wazee walitazamana.

"Ndege," Mwangangi alisema. "Ndege ndani ya mzinga wa baba yangu. Hicho ni kifuniko cha sufuria, bwana."

"Si cha sufuria," Susu Mbinya alisema. "Babu yako alikikata kwenye ndege. Mimi nilikuwa msichana wa kuchunga. Niliiona ikishuka."

Hapo hata vijana waliokuwa wakirudisha mbuzi walisogea kusikiliza.

"Hujawahi kuniambia," Mwangangi alisema.

"Umewahi kuniuliza?" Mbinya aliegemea fimbo. "Miaka yote hiyo nangoja mtu aulize. Wamekuja watu wa kuhesabu watu. Wamekuja wa kuhesabu mbuzi. Wa chanjo wamekuja, wa kura wamekuja wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyesema, Susu, hapa kwenu haikuanguka ndege? Nikafikiri labda zinaanguka kila mahali, si habari." Akamgonga Ndolo mguuni kwa fimbo, si kwa nguvu sana. "Na wewe unayetaka kujua, wa kwanza, unapanda mti badala ya kufungua mdomo."

"Tulikubaliana tusiombe kitu kingine, Susu."

"Nani alisema hivyo?"

Macho ya Kambu nzima yalimwendea Kilonzo, na Kilonzo akaanza kuokota kitu ambacho hakikuwepo chini. Sasa watu walicheka waziwazi. Mutiso peke yake hakucheka. Alikuwa bado amekaa kwenye udongo, akimtazama Mwangangi.

Mwangangi alivua kofia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akajifuta kichwa. "Mama, mimi nimeaibishwa kwangu. Siwezi kuwapa msichana huku watu wanasema mkwe wangu alitolewa mtini."

"Ni kweli," Mbinya alisema. "Umeaibishwa. Basi arudi nje, aingie kama mtu, aombe. Alisema ombi ni moja, liwe moja. Atakalolitaja langoni ndilo atakalopewa, na lingine asahau. Unakubali?"

Mwangangi aliwaza. "Nakubali."

Kila mtu pale alielewa mtego ulivyo, na Ndolo alielewa kuliko wote. Alitoka nje ya lango bado ameshika kifuniko. Hatua zilikuwa kumi na nne. Akasimama, akageuka, na kutoka pale aliona vitu viwili. Upande mmoja aliona mama wa miaka tisini na mitatu, mtu pekee duniani aliyeiona ile ndege ikianguka, na ambaye kesho si ahadi. Upande mwingine aliona mwanawe.

Nitakuwa mkweli: hakujibu papo hapo. Kalekye, aliyemjua, alihesabu pumzi zake, na zilikuwa nyingi kuliko alivyopenda. Ndolo alikitazama kifuniko, ile nane nyeupe, na ule weusi uliofunika tarakimu nyingine mbili. Thelathini ni miaka mingi. Halafu alikigeuza, akaingia, akakiweka chini mbele ya miguu ya Mwangangi, upande wenye namba ukitazama udongo.

"Naitwa Ndolo," alisema. "Natoka Kambu, kwenye barabara. Nimekuja kumwomba Wayua awe mke wa mwanangu Mutiso. Sina ombi lingine."

Machozi yalimtoka kwenye jicho lile moja lililokuwa wazi. Yalikuwa ya uchungu, asikudanganye mtu.

Mwangangi aliinama, akaokota kifuniko, akakiweka kwapani.

"Chinjeni mbuzi," aliwaambia vijana. "Yule wa lifti. Tumwone kama ana nyama."

Akina mama walipiga vigelegele hadi maji ya chai yakamwagika motoni. Mutiso alisimama, akakaa tena, akasimama. Kilonzo alirudiwa na maneno yote kwa wakati mmoja akaanza kumwombea kila mtu baraka, pamoja na nyuki.

Wayua, ambaye kwa desturi alipaswa kubaki ndani mpaka aitwe, alitoka bila kuitwa akiwa na kitunguu kilichokatwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyecheka akajificha. Alimkalisha Ndolo kwenye kiti cha plastiki akaanza kumtoa miiba ya nyuki, mmoja mmoja, kwa ukucha.

"Baba, usisogee," alisema. "Mutiso aliniambia unapenda ndege. Hakuniambia unazifuata juu ya miti."

"Yeye ni mpole," Ndolo alisema. "Haniharibii jina."

"Ni kweli," Wayua alisema, akimpaka kitunguu mdomoni. "Mimi nitakuwa nasema yote."

Mbuzi alikuwa na nyama. Waliila wote pamoja, watu wa Tseikuru na watu wa barabarani kwenye sinia moja, na Ndolo alitafuna upande mmoja tu, mfupa ukimpa shida. Yule mzee aliyesema wamnuse mikono sasa alikuwa anamchagulia maini. Jambo lilikuwa limekwisha. Wayua alikuwa wao.

Chai ya mwisho ilipokuwa inamiminwa, Susu Mbinya aliita. "Ndolo. Sogeza kiti."

Alisogea. "Susu, mimi niliomba kimoja, nimepewa."

"Uliomba ukiwa mgeni. Sasa umekula. Mtu wa nyumbani haombi, anaambiwa." Akamtazama mwanawe. "Mwangangi, lete hicho unachokalia."

Mwangangi alikuwa kweli amekikalia kile kifuniko, asije mtu akakichukua. Alikitoa, akakifuta, akachomoa kisu kilichochinjia mbuzi. Alikwangua gundi ya nyuki pole pole, kwa uangalifu wa mtu anayekata kucha za mtoto. "Nane," alisoma. Akakwangua tena. "Nne."

Namba ya tatu Ndolo aliisema kabla kisu hakijafika. Mwangangi alikwangua, akaitazama, akamtazama Ndolo kwa jicho jipya kabisa.

"Ni hiyo," alisema. "Wewe mtu, ni hiyo."

"Ni hiyo," Ndolo alisema.

Alitoa kalamu mfukoni na karatasi aliyokuwa ameficha kwenye koti, kwa sababu ububu wake haukuwa wa kuacha karatasi nyumbani. Lakini vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi za kupikwa. Kalamu ilimwanguka. Akaiokota, ikamwanguka tena. Susu alikuwa ameshaanza.

"Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anatembea."

Kalekye alikuwa ameketi kando yao, amevua viatu, amechoka na amefurahi. Alinyoosha mkono akaichukua ile kalamu, akaweka karatasi juu ya goti lake, akaandika. Halafu akainua macho.

"Na mwingine, Susu?"

"Mwingine hakufika jioni. Mama yangu alimtafunia ugali wa mtama kama mtoto, lakini hakumeza. Alikuwa kijana kuliko huyu wenu. Tulimzika kule kwa mawe, na baba yangu akasema tusilime pale, maana watu wake watakuja. Hatujalima. Kesho utapaona."

Kesho. Hakuna mwaka ambao Ndolo hakulisubiri hilo neno. Alilia, mtu mzima, mbele ya wakwe, na hakujificha, na uso wake ulivyokuwa umevimba kilio kilitoka vibaya, kwa pande zote.

"Usinilowanishie karatasi," Kalekye alimwambia, akimsukuma taratibu kwa bega. "Susu, huyu aliyetembea. Jina lake alisema?"